Mrejesho: Nimepunguza risasi, sasa natulia majini

Wakuu, niliwaeleza kwamba nikizamia Nungwi, Zanzibar, kwa mtungi wa hewa, na kilo 10 za risasi (vipande vizito vya kumsaidia mzamiaji kushuka) kiunoni, nashuka kama nanga, kisha nikijaza upepo kwenye jaketi la kuelea napaa bila kutaka. Mkanishauri nipime uzito upya kabla ya kununua chochote.

Nimepima. Mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa umebaki na baa 50 (kipimo cha mgandamizo wa hewa), nilitoa upepo wote kwenye jaketi, nikasimama wima na pumzi ya kawaida. Maji yalitakiwa yaishie usawa wa macho. Mimi nikazama moja kwa moja. Tukapunguza kilo moja moja hadi zikabaki 6, na sasa nashuka taratibu pale tu ninapotoa pumzi.

Kumbe kujipima wakati mtungi umejaa kunadanganya! Kwa mtungi wa lita 12, hewa unayotumia toka baa 200 hadi 50 ina uzito wa kilo 2 hivi. Na ule upepo mwingi niliojaza kubeba risasi za ziada ndio uliokuwa unatanuka kila nikipanda kidogo.

Jaketi nitaendelea kukodi. Nimenunua miwani tu, inayonikaa usoni sawasawa. Asanteni sana, mmeniokolea mengi.