Nataka bodi moja ya majaribio iingie chipu zote, nimekwama, naombeni ushauri

kijana_wete
Assalam alaykum wakubwa. Mie nipo Wete, natengeneza redio na chaja, sasa nimeanza kujifunza kuunda saketi zangu mwenyewe. Bredibodi yangu, ile bodi ya kuchomeka waya bila kuchomelea, ishachoka, matundu yamelegea, ukigusa waya taa inazima unakaa saa nzima kutafuta kosa ambalo halipo. Nikasema nichore bodi yangu ya shaba kwa pasi na dawa, yaani nachapisha mchoro, nauhamisha kwenye shaba kwa pasi ya nguo, halafu dawa inakula shaba iliyobaki wazi. Soketi katikati na matundu ya waya pembeni, leo nitie chipu ya 555, kesho ATmega328P, keshokutwa ile ya miguu 40. Tatizo ya miguu 40 ni pana na hizi ndogo nyembamba. Na nnazo nyengine nimezing'oa kwenye tivii mbovu, zile za kubandika juu, miguu kama ya sisimizi. Nichore bodi tatu au? Na moto, yaani umeme wa kuendesha chipu, niupitishe wapi?

mzee_wa_risasi
Waalaykum salaam. Za miguu mirefu moja inatosha. Mguu hadi mguu ni 2.54 mm zote, kinachobadilika ni upana tu, nyembamba 7.62 na pana 15.24. Chora mistari mitatu ya matundu, matundu 20 kila mstari, wa pili uwe 7.62 kutoka wa kwanza na wa tatu 15.24, halafu kila tundu la wa pili liunge na mwenzake wa tatu. Nyembamba inakaa wa kwanza na wa pili, pana inaruka hadi wa tatu. Nje ya hapo kila mguu utolee matundu matatu ya waya. Hiyo ATmega ni nyembamba ijapokuwa ina miguu 28, ila kuna chipu nyengine za 28 ni pana, kwa hiyo pima kwanza usikisie.

bint_michenzani
Moto usiuchore kuingia kwenye soketi moja kwa moja!! 555 moto mguu wa 8 graundi wa 1, LM358 moto wa 8 lakini graundi wa 4, CD4017 moto wa 16 graundi wa 8, ATmega ndo kabisa, moto 7 na 20, graundi 8 na 22. Ukishachora kwa moja nyengine unaiunguza. Weka njia mbili nene pembeni urefu wote wa bodi, kila chipu unarukia kwa waya. Na kapasita ya 100nF itie karibu na miguu ya moto, miguu yake ikate mifupi.

yakhe_solda
Mie naongeza printa tu maana ilinitoa jasho. Nilichapisha kwenye duka moja la steshenari, kumbe printa imewekwa ipunguze mchoro utoshe karatasi, ikatoka asilimia 97. Unaona kidogo eeh? Soketi ya miguu 40 ina nafasi 19 upande mmoja, 48.26 mm, matundu yangu yakawa 46.8. Mguu wa kwanza umeingia vizuri, wa ishirini umepanda juu ya bodi hauna pa kwenda. Na nishatoboa yote! Sasa hivi kabla ya pasi naiweka chipu juu ya karatasi nalinganisha.
Jengine, shaba ikiwa chini na umechora kama unatazama kutokea juu, usigeuze mchoro, pasi itaugeuza yenyewe. Za kubandika zinakaa upande wa shaba, hizo ndo lazima ugeuze kama kwenye kioo.

mzee_wa_risasi
Na za kubandika usizitie bodi kubwa. Kila moja ifanyie kijibodi chake kidogo chenye pini za 2.54 kikae kwenye soketi kama chipu ya kawaida. SOIC, zile za kubandika ambazo mguu hadi mguu ni 1.27 mm, kwa pasi inatoka safi. Za 0.65 mm agizia vijibodi tayari Dar, mie niliharibu vinne nikaacha.

kijana_wete
Shukran sana, hilo la mistari mitatu lisingenijia. Drili saizi gani? Na feriki kloraidi, ile dawa ya kula shaba, naweza kutia kwenye sufuria ya zamani?

bint_michenzani
0.8 kwa soketi, 1 mm kwa pini. Sufuria ya alumini hapana, dawa itaila na itachemka, tumia bakuli la plastiki. Ukimaliza paka risasi ya kuchomelea nyembamba juu ya shaba yote, kwa hewa yetu ya bahari shaba tupu haichelewi kuota kijani. Na uvae nguo mbovu, doa lake halitoki.

kijana_wete
Doa lishaingia kwenye kanzu tangu juzi nilipojaribu kipande, ndo mana nikauliza chombo 😅