Mjadala: Wajesuiti waliouza watumwa mwaka 1838, malipizi yao yaende kwa nani?

Mleta mada
Tumsifu Yesu Kristo. Mwaka 1838 Wajesuiti (shirika la watawa wa Kanisa Katoliki) wa Maryland, Marekani, waliuza watumwa wao 272 kwa wenye mashamba wa Louisiana, Henry Johnson na Jesse Batey, kwa dola 115,000. Mwaka 2021 shirika likaahidi dola milioni 100 kwa mfuko ulioundwa pamoja na wazao wa watu wale. Kwa mpango uliotangazwa wakati huo, mfuko haugawii mtu mmoja mmoja: karibu nusu ya bajeti ni ruzuku kwa miradi ya upatanisho, robo ni masomo ya wazao, na kinachobaki ni cha wazee na wagonjwa. Kwa mafundisho ya Kanisa, hayo ni malipizi au sadaka tu?

Mlei
Hata sadaka hawadaiwi. Ezekieli 18:20 iko wazi: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Papa Yohane Paulo II naye, katika waraka wake Reconciliatio et Paenitentia (1984), alikataa dhambi ya kijamii igeuzwe kichaka cha kufichia dhambi ya mtu binafsi. Padre Thomas Mulledy, aliyesimamia mauzo, alishakufa zamani. Mjesuiti kijana wa leo aungame nini?

Katekista
Ndugu Mlei, hatia na deni ni vitu viwili. Hatia ilikuwa ya Mulledy na wenzake, hapo sikupingi. Deni ni la shirika, na kanuni ya 120 ya Sheria ya Kanisa inasema mtu wa kisheria, yaani taasisi kama shirika, ni wa kudumu kwa asili yake. Huwezi kushikilia majengo ya tangu enzi hizo ukadai madeni yamezikwa na waliokopa.

Wala usiseme ndivyo ulimwengu ulivyokuwa. Mkuu wa shirika, Jan Roothaan, aliruhusu mauzo kwa masharti: familia zisitenganishwe, watu wapate huduma za dini yao, fedha zilee Wajesuiti wapya na zisilipe madeni. Angalia kilichotokea. Ndugu walitenganishwa. Malipo ya kwanza yalikuwa dola 25,000, na 17,000 kati yake zikaenda kwenye madeni ya Georgetown, chuo cha Wajesuiti. Mwaka 1848 Padre James Van de Velde alikuwa bado anaandika kuwaombea waliouzwa wajengewe kanisa kule Louisiana. Mulledy mwenyewe alipoteza ukuu wa provinsi (Wajesuiti wa Maryland) mwaka 1839. Kosa lilijulikana siku zilezile.

Sasa soma Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2412: aliyechukua kwa dhuluma arudishe kitu chenyewe au thamani yake, pamoja na faida ambayo mwenye mali angeipata kwa haki. Namba hiyo inamgusa pia aliyenufaika akijua.

Mhasibu wa parokia
Basi tupige hesabu. Mkataba ulimpa Johnson muda wa kulipa salio kwa riba ya asilimia 6. Chukua riba hiyohiyo, riba juu ya riba, kwa dola 115,000 kutoka 1838 hadi 2021: unapata karibu dola bilioni 4.9. Na hiyo ni bei ya mauzo tu. Jasho la miaka mingi kabla ya hapo halimo. Ukiwa na wazao 10,000, milioni 100 ni dola 10,000 kwa kichwa, mara moja, basi.

Mlei
Kwa hiyo wapewe mkononi? Watathibitishaje ukoo?

Katekista
Hapo ndipo kesi hii inapozipita nyingi. Hati ya mauzo inawataja watu kwa majina na umri. Wa kwanza ni Isaac, miaka 65. Vitabu vya ubatizo vya Maryland na Louisiana vinajaza mengine. Katekisimu inasema irudishwe kwa mwenyewe, na mwenyewe anatafutika. Ruzuku kwa miradi ya upatanisho ni jambo jema, ila kwangu hiyo ni sadaka. Robo ya masomo naikubali iitwe malipizi.

Mleta mada
Ahadi nayo ilikwenda kwa kusuasua. Mwaka 2022 viongozi wa wazao walilalamika hadharani kuhusu mwendo wa fedha. Mwaka 2023 zikatangazwa milioni 27 zaidi: 10 za chuo cha Georgetown, 17 za shirika.

Mhasibu wa parokia
Katika sakramenti ya kitubio padre hutaja malipizi, muungamaji hayatekelezi kwa kiwango anachojipangia. Hapa mdaiwa ndiye anayetaja kiasi na ratiba. Mlei, hilo nalo unaliteteaje?