Naomba ushauri: wa na ga za Kijapani zinatuchanganya

Wakuu, habari za leo. Tuko wanne hapa Tanga, tunakutana jioni barazani kwetu Makorora kujifunza Kijapani bila mwalimu. Herufi zote 46 za hiragana, mwandiko wao wa msingi, tumezimaliza; za katakana, mwandiko wa maneno ya kigeni, bado tunasuasua.

Matamshi hayajatusumbua sana, maana irabu zao ni tano kama zetu. Kinachotuponza ni urefu wake. Obasan ni shangazi au mama mdogo. Ukivuta ukasema obaasan, umeshamwita bibi! Mwenzetu mmoja anakosea hapo kila siku, nasi hatujui tumsahihishe vipi.

Shida kubwa ni wa na ga, vijineno vinavyokaa baada ya nomino kuonyesha kazi yake katika sentensi. Tunajua "Watashi wa gakusei desu" ni "Mimi ni mwanafunzi", na kwamba hiyo wa huandikwa kwa herufi ya ha. Lakini kwa nini "Neko ga suki desu", yaani napenda paka, inataka ga? Nilimweleza mwenzangu kwamba suki si kitenzi kama kupenda kwetu, ni kivumishi, kwa hiyo paka ndiye "anayependeza". Sina hakika kama nimemsaidia au nimempoteza, na hilo linaninyima raha kwa sababu ananiamini.

Mliotangulia, mlifundishanaje bila kuambukizana makosa? Tuhamie kwenye vitenzi, ambavyo kwao hukaa mwisho wa sentensi, au tukomae na wa na ga kwanza? Lengo letu ni N5, ngazi ya chini kabisa ya JLPT, mtihani wa kupima Kijapani kwa wageni.