Mati, silki au rangi ya mafuta? Vyumba viwili na kona ya kifungua kinywa

Kona_ya_Asubuhi
Wakuu, heshima kwenu. Baridi imeisha, majira ya machipuko yameingia, madirisha sasa yanaweza kulala wazi. Nataka kupaka upya chumba cha kulala, sebule ndogo, na ile kona ya jikoni panapowekwa meza ya kifungua kinywa. Nimebaki na mambo matatu: rangi ya maji ya mati (isiyong'aa), rangi ya maji ya silki (inayong'aa kiasi), au rangi ya mafuta kabisa ili ukuta uoshwe. Ndoo zinanunuliwa Jumamosi. Mnashauri ipi?

MsasaLaini
Umeuliza paa kabla ya msingi, mkuu. Ukuta sasa hivi una nini? Chokaa, rangi ya maji, mafuta, au lipu tupu? Vyumba vina ukubwa gani? Kuna unyevu? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia rangi anayoipenda yeye, basi.

Rola9
Silki. Inaoshwa, inang'aa kiasi, chumba kinaonekana kisafi. Hakuna haja ya maneno mengi.

BrashiMbili
Rola9, silki kwenye ukuta wenye mawimbi ni kuutangaza ubovu wa fundi wa lipu. Mwanga wa asubuhi wa machipuko huingia umelala, unapita ubavuni mwa ukuta. Kila kovu la puti, kila kiungo, kila mahali rola ilipokanyaga mara mbili, vyote vinasomeka kutoka mlangoni. Mati inafyonza mwanga, inaficha. Chumba cha kulala hakirukiwi na mafuta ya kukaangia, hivyo huko silki haina kazi.

Na jambo la pili watu hulisahau: kugusia. Mati ikichubuka baada ya miezi sita unagusia kwa ndoo ileile na huoni tofauti kubwa. Silki ukiigusia unaacha kiraka kinachong'aa tofauti, mwishowe unapaka ukuta mzima kutoka kona hadi kona.

Rola9
Na mati ukiisugua kwa kitambaa inafanya nini? Inang'aa palepale ulipoisugua. Unaondoa alama ya kidole, unabaki na alama ya kitambaa.

BrashiMbili
Mati ya kawaida, kweli. Lakini zipo mati zinazooshwa. Angalia kopo kama limeandikwa EN 13300, kipimo cha Ulaya cha rangi za ndani. Daraja la 1 maana yake rangi ikisuguliwa ikiwa na maji mara 200 inapungua chini ya mikromita 5. Daraja la 2 ni kutoka 5 hadi chini ya 20. Daraja la 3 linafika 70, hilo libaki chumbani. Kwa kona ya meza nunua la 1.

Kona_ya_Asubuhi
Asanteni. Chumba ni mita 4 kwa 3.5, sebule 3 kwa 3, kimo 2.7 vyote. Kila kimoja mlango mmoja, dirisha moja. Ukuta una rangi ya zamani, siyo mpya.

MsasaLaini
"Rangi ya zamani" si jibu, ndugu. Ya maji au ya mafuta? Pima hivi: chovya pamba kwenye spiriti, sugua sehemu moja kwa nusu dakika. Rangi ikilainika na kuhamia kwenye pamba, hiyo ni ya maji. Pamba ikitoka safi, ni mafuta. Kisha pitisha kiganja kikavu ukutani. Kikitoka na unga, ukuta unachujuka au una chokaa, na chochote utakachopaka juu kitashika unga, hakitashika ukuta.

Hesabu ya rangi wakati unasubiri: chumba, mzunguko mita 15 mara 2.7 ni mita za mraba 40.5. Toa mlango na dirisha, kama 3.7 hivi, inabaki 36.8. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini uliokwisha kupakwa hufika mita za mraba 10 hadi 12. Tumia 10. Mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, lita 3.7, mikono miwili 7.4. Sebule inakuja 28.7, mikono miwili 5.7. Jumla lita 13 na kitu. Chukua 15, inayobaki ni ya kugusia. Dari ni hesabu nyingine: mita 23 kwa vyote viwili, lita 4.6.

Ukinunua makopo kadhaa ya rangi iliyochanganywa, yamimine yote kwenye ndoo moja kubwa, koroga, ndipo uanze. Makopo mawili ya namba ileile yanaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta ambapo huwezi kuificha.

Turubai
Mimi ni wa mafuta jikoni. Mvuke wa birika, vidole vya watoto, viti kugonga ukuta. Rangi ya maji haivumilii hayo.

Bi_Ndoo
Turubai kaka, samahani, hapo sikubali, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu huu ubovu unarudiwa sana.

Kuna ukuta wa jikoni uliopakwa mafuta, kazi safi kabisa siku ya kukabidhi. Ukuta wa nje, lipu ya saruji, wiki mbili tangu upigwe. Fundi aligusa kwa mkono, akaona pakavu, akapiga andakoti (rangi ya chini) na mikono miwili ya mafuta. Mwezi wa pili vikaanza vipele chini, sentimita 30 kutoka sakafuni. Ukivitoboa linatoka jimaji. Mwezi wa tatu rangi ya chini ikawa laini kama sabuni iliyolowa, ukucha unazama. Ikakwanguliwa, ikapakwa tena mafuta. Ikarudia, safari hii hadi kimo cha meza.

Sababu si kopo. Saruji mbichi ina alkali, na maji yakiwa bado ndani ya ukuta yanaibeba alkali hadi kwenye rangi. Alkali na mafuta vikikutana kinachozaliwa ni sabuni, halisi, ndivyo sabuni inavyotengenezwa. Tena mafuta ni ngozi isiyopumua: maji hayana pa kutokea ila kuisukuma rangi. Lipu ya saruji ipewe wiki 4 kwa uchache, zaidi kukiwa na baridi au ikiwa nene. Halafu upake rangi ya maji, mkono wa kwanza umechanganywa na maji, sehemu 7 za rangi kwa 3 za maji, uzame kwenye lipu.

Kilichouponya ule ukuta: rangi yote kukwanguliwa hadi lipu, bomba lililovuja nyuma ya sinki kuzibwa, ukuta kuachwa wazi hadi ukauke, chumvi nyeupe iliyotoka kupigwa brashi kavu. Brashi kavu, narudia. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Ndipo ikaja rangi ya maji.

Turubai
Huo ni ukuta mbichi na bomba bovu. Mwenye mada ana ukuta wa zamani mkavu.

Bi_Ndoo
Hajasema mkavu. Apime: kipande cha nailoni sentimita 50 kwa 50, abandike kwa tepu pande zote nne, asubiri saa 24 hadi 48. Jasho likiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani. Likiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa unaganda kwenye ukuta wa baridi, na dawa yake ni dirisha, si rangi.

Rola9
Kwa kuongezea, mafuta meupe hugeuka manjano. Hasa pasipofika mwanga: nyuma ya kabati, nyuma ya mlango, nyuma ya fremu za picha. Ukihamisha kabati mwaka ujao utaona umbo lake ukutani.

Kona_ya_Asubuhi
Nimefanya ya spiriti. Chumba na sebule pamba imechukua rangi. Jikoni kwenye kona pamba imetoka safi. Pia juu ya dirisha la kona kuna madoa meusi meusi, na dari ina doa la kahawia la mvua ya zamani. Sikudhani yana umuhimu.

MsasaLaini
Hayo ndiyo yalikuwa swali lenyewe, mkuu!

Kona ina mafuta. Rangi ya maji juu ya mafuta yanayong'aa hushika wiki chache kisha hutoka kama ganda la ndizi. Utaratibu: osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kukata mafuta, suuza, acha ikauke. Usitangulize msasa, utasukuma mafuta ya jikoni ndani ya mikwaruzo na rangi itakimbia ikiacha matundu kama macho ya samaki. Kisha msasa namba 180 mpaka mng'ao wote ufe, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, piga praima ya kushikisha (rangi ya kwanza inayoshika ukuta), ndipo rangi ya maji. Kesho yake chora alama ya X kwa kisu pembeni, bandika tepu, ing'oe kwa nguvu. Isipotoka na rangi, endelea.

Kama nyumba ni kongwe, usipige msasa mkavu kwenye mafuta ya zamani. Rangi za nyumbani zilikuwa na risasi, ile metali yenye sumu. Marekani iliizuia mwaka 1978 na kwingine ilichelewa. Nunua kipimo cha risasi kwanza. Ikiwepo, fanya kazi ukutani ukiwa umelowa, watoto wakae mbali, kifagio kisiguse hilo vumbi.

BrashiMbili
Madoa meusi ni kuvu. Usiyafunike, yatatokeza juu ya rangi mpya. Dawa ya kupaushia nguo sehemu 1, maji sehemu 4, paka, acha dakika 15 hadi 20, sugua, suuza. Glavu, miwani, dirisha wazi. Usiichanganye na siki wala dawa ya choo wala kitu chenye amonia, hewa inayotoka ni sumu. Doa la kahawia la dari nalo rangi ya maji hailizibi hata upige mikono mitano, maji ya rangi yanaliyeyusha na kulipandisha juu. Hakikisha paa halivuji tena, funika doa kwa shelaki (vanishi ya utomvu) au praima ya mafuta ya kuziba madoa, kisha rangi ya dari.

Turubai
Kwa hiyo mafuta yana kazi, hatimaye.

Bi_Ndoo
Kwenye doa la ukubwa wa sahani moja, kaka. Tumekubali.

Kijiko_Cha_Asubuhi
Naingilia kidogo. Hiyo kona inapata jua la asubuhi au la jioni? Rangi ya njano watu wanayoichagua kwa kifungua kinywa huonekana nyepesi kwenye kadi, ila ukiipaka kuta mbili zinazotazamana zinarushiana mwanga na njano inakolea, hata nyuso za watu mezani zinageuka. Chagua nyepesi kuliko uliyoipenda. Paka ubao wa sentimita 50 mikono miwili, usimamishe kona hiyo asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Usiamue ikiwa mbichi, rangi nyingi za maji zikikauka hukolea.

Rola9
Na taa ya 2700 K, yenye mwanga wa kimanjano, itaongeza njano juu ya njano.

Kona_ya_Asubuhi
Jua la asubuhi. Meza inagusa ukuta. Je, nianze kupaka asubuhi mapema nimalize mchana?

MsasaLaini
Mapema sana hapana. Asubuhi za machipuko ukuta wa nje bado una baridi ya usiku, unaweza kuwa na umande usiouona. Subiri ukuta ufike nyuzi 10 au zaidi. Jua likiupiga moja kwa moja nalo ni tatizo, rangi inakauka kabla hujaunganisha na mistari inabaki. Dari kwanza, kisha kuta. Kata kingo, yaani paka pembezoni, kwa brashi ya inchi 2, upana wa mita moja tu, halafu rola ya manyoya ya milimita 10 hadi 12 ifuate kingo zikiwa bado mbichi. Ikishaanza kushika usirudi nyuma "kurekebisha kidogo". Hapo ndipo makovu yanapotoka. Mkono wa pili saa 4 zikishapita tangu wa kwanza.

BrashiMbili
Tepu ya kulinda kingo ivue rangi ikiwa mbichi, ivute kwa pembe ya nyuzi 45.

Rola9
Ikauke, pitisha kisu kwenye ukingo, ndipo uvue. Mbichi inachirizika.

BrashiMbili
Inachirizika ukijaza brashi kama unamwagilia bustani.

Kijiko_Cha_Asubuhi
Mtabishana mpaka kiangazi. Mwenye mada, meza usiirudishe kugusa ukuta haraka. Rangi ya maji inaonekana kavu siku hiyohiyo lakini hukomaa wiki 2 hadi 4. Kabla ya hapo usiioshe, na ukingo wa meza utagandana nayo. Acha upenyo wa vidole vitatu.

Kona_ya_Asubuhi
Nimekuelewa. Nailoni nimebandika leo. Vyumba nitapiga mati. Kona bado sijui, mati ya daraja la 1 au silki. Na migongo ya viti inafika sentimita 85 hivi, itagonga palepale kila siku.

Turubai
Weka ubao wa mbao kimo hicho, upake mafuta. 🙂

Rola9
Ubao wa upana gani? Ukiwa chini ya sentimita 10 viti vya aina mbili vitaukosa.

Bi_Ndoo
Kabla ya ubao, nailoni imesemaje?