Bangkok hadi Hanoi na mabegi mgongoni, mimi na rafiki yangu: naomba ushauri wa waliotangulia

Binti wa Kirumba
Wakuu, habari za muda huu. Mimi na rafiki yangu tangu chuo tumekubaliana Januari tubebe mabegi mgongoni tukazunguke Asia ya Kusini-Mashariki. Hatuna wakala wala kundi. Tunajipangia wenyewe, tunalala hosteli, tunapanda basi na treni. Muda ni kama mwezi mmoja, likizo zetu zote tumezikusanya humo.

Tatizo la kwanza ni ratiba. Mwenzangu ameandika Thailand, Kambodia, Vietnam, Malaysia na Singapore. Mimi nikiitazama naona tutarudi tunazijua stendi na viwanja vya ndege tu. Yeye anasema nauli ya kutoka Dar ikishalipwa imeshauma, sasa tubakize nchi ya nini? Hapo hatujaelewana, na tumeshanuniana mara moja.

La pili ni chakula. Yeye ni Muislamu wa Tanga, anavaa hijabu, na kwa halali hana mjadala. Mimi Msukuma wa Mwanza, kitimoto ni ndugu yangu. Sitaki kila jioni mmoja awe anamtazama mwenzake akila.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi: mila za watu. Nasikia Thailand ukimsema vibaya mfalme unafungwa, ukielekeza mguu kwenye sanamu ya Budha umekosa, na mtawa haguswi na mwanamke. Sasa mimi nina mdomo na nina miguu mirefu. Halafu sisi weusi wanatupokeaje? Nataka aliyefika, siyo aliyeangalia video.

Natanguliza shukrani. Wa kuja kuniambia hela hiyo ningenunua kiwanja apite kimya, kiwanja ninacho.

Chalii wa Njiro
Kiwanja kiko wapi tukione? Nimekaa pale, nasubiri wajuvi.

Mzee wa Kontena
Dada, kabla ya watawa na masanamu kuna dirisha la uhamiaji. Mimi nimepita Bangkok kibiashara miaka mingi, na mtu mwenye pasi ya Afrika Mashariki anaulizwa kuliko Mjerumani aliye nyuma yake kwenye foleni. Usikasirike, jiandae. Chapisha tiketi ya kurudi, hosteli za siku za mwanzo, na uwe na pesa taslimu. Mwenye visa ya utalii anaweza kutakiwa aonyeshe baht 20,000 (pesa ya Thailand) au thamani yake, kila mtu zake. Mkimwambia ofisa "zetu ziko kwa huyu" mmeshaanza vibaya.

Kadi ya njano ni lazima. Thailand wanaidai kwa anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda, na sindano ya homa ya manjano mchome angalau siku 10 kabla ya safari. Visa yao siku hizi inaombwa mtandaoni, na tangu Mei 2025 kuna fomu ya kidijitali ya kujaza ndani ya siku 3 kabla ya kuingia. Fomu hiyo ni bure. Ukiona tovuti inakudai dola, umepotea njia. Vietnam ndio rahisi: tangu Agosti 2023 visa ya mtandaoni ni kwa nchi zote, inakwenda hadi siku 90, dola 25 kuingia mara moja.

La mwisho nalisema kwa ukali. Usibebe begi la mtu. Si la mpenzi mpya, si la dada mliyejuana hosteli anayeomba umpelekee "zawadi" nchi ya pili. Unga katika ukanda ule ni kitanzi, si maneno ya kutishia watoto. Na bangi mtakayoiona madukani Bangkok isiwadanganye. Waliiruhusu 2022, Juni 2025 wakabana tena hadi cheti cha daktari.

Mla Mihogo
Kwani Ngorongoro mmeshaimaliza? Kilwa Kisiwani mmefika? Tunapenda vya mbali tu.

Binti wa Kirumba
@Mla Mihogo Kilwa nimefika, Kondoa kwenye michoro ya mapangoni nimefika. Wewe je? Turudi kwenye mada.

@Mzee wa Kontena ubarikiwe. Hiyo ya pesa kila mtu zake tulikuwa hatuijui kabisa, tulipanga nishike mimi zote.

Muunguja wa Vuga
Dada yangu, nimeishi Bangkok kwa masomo, nami nakutoa wasiwasi: nusu ya adabu zao mwenzako wa Tanga amekua nazo. Viatu vinavuliwa mlangoni. Mabega na magoti yanafunikwa. Mkubwa anaheshimiwa, na kitu hupewi kwa kutupiwa. Mbona sisi hapa Mjini tunawanung'unikia watalii wanaokatiza Darajani na nguo za ufukweni? Kule mtalii ni wewe, basi.

Kinachowaponza watu wa kwetu ni sauti. Sisi tukikutana tunapiga kelele kwa furaha, tukipatana bei tunapandisha, na mwenye duka anajua ni mchezo. Mthai ukimpandishia sauti anatabasamu, unadhani mambo mazuri, kumbe keshakufunga. Bei haishuki tena wala msaada hupati. Nimeona jamaa amebishania nauli ya tuk-tuk kama yuko Kariakoo, dereva akacheka, akazima injini, akashuka akaenda kuvuta sigara. Hakurudi.

Miguu: ndani ya hekalu kaa ukiwa umeikunja nyuma au pembeni, nyayo zisitazame sanamu wala mtu. Mtawa mpishe. Kwenye basi au boti usikae ubavuni kwake, na ukitaka kumpa kitu kiweke chini akiokote au mpe mwanamume ampelekee. Kuhusu mfalme, sheria ipo na si ya mapambo: miaka 3 hadi 15 kwa kosa moja. Hata mtandaoni. Mdomo wako huo uuache Kirumba. Noti ikidondoka usiizuie kwa mguu, ina picha yake. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa unapigwa stesheni na bustanini. Utaona watu wote wamesimama ghafla, mwenye ndizi mdomoni kasimama nayo. Simama nawe.

Sasa vya kuona. Jumba la Kifalme ni baht 500, na mlangoni wanakagua nguo kweli. Ukiwa njiani akakujia mtu nadhifu akakwambia "leo pamefungwa kwa ibada, twende nikupeleke kwingine", usimjibu, endelea kutembea hadi getini. Safari yake inaishia kwenye duka la vito. Mimi lakini hekalu ninalolipenda ni Wat Pho, hatua chache kutoka hapo. Budha amelala, mita 46, ukumbi umembana hata huwezi kumwona wote kwa mara moja. Unaanza na uso, unamfuata taratibu hadi kwenye nyayo zilizonakshiwa kwa lulumizi, alama 108. Ukizunguka mgongoni kuna vibakuli vya shaba vimepangwa ukutani, navyo 108. Watu wanapita wakidondosha sarafu moja moja, na mlio wake hauachi kutwa nzima. Nendeni asubuhi kabla ya mabasi ya makundi.

Matunda utacheka: doriani, shokishoki, fenesi, yote ya Unguja yamejaa sokoni. Ila doriani hotelini marufuku, harufu.

Chalii wa Njiro
Niongezee moja ambayo Muunguja hawezi kuijua. Sisi Wamaasai mtoto anakuinamishia kichwa, unamgusa utosini, ndiyo salamu yenyewe, na asiyemgusa ndiye mwenye dharau. Thailand kichwa hakiguswi, hata cha mtoto wa jirani anayekuchekea. Mkono wangu ulikuwa unaondoka wenyewe kila nikimwona mtoto. Nikaishia kuutia mfukoni.

Mpogoro Ughaibuni
Niko Penang. Kama mnapunguza nchi, napinga kuiondoa Malaysia. Mtanzania anaingia bila visa kwa siku 30, halali iko kila kona, na mwenzako atapumua. Anzieni Kuala Lumpur, pandeni ngazi 272 za mapango ya Batu (nyani pale ni vibaka, ficha maji na miwani), mje George Town, halafu treni hadi mpakani Padang Besar na kuunganisha ya usiku hadi Bangkok. Singapore ndiyo muitupe. Ni safi na nzuri, ila hela yenu ya wiki nzima kwingine itaisha kabla hamjachoka kutembea.

Muunguja wa Vuga
@Mpogoro Ughaibuni nchi nne kwa mwezi ni kukimbizana. Halali si sababu, Bangkok ipo. Kuna msikiti wa Haroon Bang Rak karibu na mto, vichochoro vyake vina wapishi Waislamu. Kambodia kuna Waislamu Wachamu. Ho Chi Minh, mtaa wa Dong Du, kuna msikiti na migahawa yake jirani. Penye shida ni miji midogo ya Vietnam: mafuta ya nguruwe yanaingia hata kwenye mboga usiyoitilia shaka. Huko atafute migahawa ya Kibudha isiyotumia nyama kabisa. Na wewe Msukuma kula kitimoto chako mchana mkiwa mmeachana. Hamkuapa kutembea mmefungwa kamba.

Da' Zuhura
Wanaume mmesahau ya wanawake. Mabinti, bebeni mafuta ya kujipaka na sabuni za kutosha. Maduka ya Thailand yamejaa vya kung'arisha ngozi, hata vya kupaka kwapani, na maandishi hamuyajui. Mtaingia weusi mtatoka na mkorogo bila kuomba. Nywele sukeni kabla ya kuondoka.

Kutazamwa mtatazamwa, vijijini zaidi. Watu wanaomba picha, vibibi vinagusa rasta. Mara nyingi ni ushamba wa kawaida na hauna chuki. Ukichoka, kataa kwa tabasamu. Niliyekuwa naye mimi alikuwa anafurahia kupigwa picha, mimi sipendi, basi yeye akawa anapigwa za wawili.

Wa Eastlando
Salamu kutoka Nairobi. Nitaongea Vietnam peke yake. Kwanza, magari yao yanapita kulia, Kambodia vilevile. Thailand na Malaysia ni kushoto kama kwetu. Hanoi pikipiki haziishi, ukingoja barabara iwe wazi utalala hapo. Unaingia polepole, mwendo mmoja, hurudi nyuma, husimami, wao ndio wanakukwepa. Kwa sisi tuliozoea kuruka mbele ya matatu hii ni ngumu, kwa sababu ukikimbia ndipo unagongwa.

Pesa: noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni bluu. Zitenganisheni mifuko, hasa usiku kwenye teksi. Afadhali pikipiki za kuitisha kwa programu, bei inaonekana na kofia unapewa.

Kahawa yao ni robusta kama ya Kagera, inadondoka tone kwa tone kwenye kichujio cha bati, chini kuna maziwa mazito ya kopo. Kaa kwenye kigoda cha plastiki pembezoni mwa ziwa Hoan Kiem na usiwe na haraka. Hoi An, mji wa kale wa katikati ya nchi, mlale, msipite tu.

Jirani wa Gisozi
Mkifika Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mtapelekwa Tuol Sleng. Ilikuwa shule, Khmer Rouge, utawala ulioua raia wake, wakaigeuza gereza kati ya 1975 na 1979. Madarasa yapo vilevile, sakafu ya vigae, ubao ukutani. Ninyi majirani zetu sisi Wanyarwanda mnajua namna ya kuingia mahali pa namna hiyo. Msiweke siku hiyohiyo na sokoni.

Mzee wa Kontena
Na Angkor, yale mahekalu ya kale ya Kambodia karibu na Siem Reap, msiifanye ya siku moja. Tiketi ya siku moja dola 37, ya siku tatu 62, na hizo tatu unaweza kuzitawanya ndani ya siku 10. Ila ulizeni habari za mpaka. Thailand na Kambodia walipigana 2025, njia ya basi ya Poipet ikafungwa. Wekeni bajeti ya ndege hadi Siem Reap, kisha basi Phnom Penh, basi Ho Chi Minh, na treni ya kupanda kaskazini.

Binti wa Kirumba
Nimemsomea mwenzangu uzi wote kwa simu. Singapore imetoka bila kilio. Malaysia imetoka kwa kilio, samahani @Mpogoro Ughaibuni, ameniahidi kuja peke yake. Tumebaki na tatu, na kila baada ya siku kadhaa kila mtu na njia yake hadi jioni. Kumbe naye alikuwa anaogopa kuniambia kuwa makumbusho yanamchosha. Januari mwishoni tuko Vietnam, ni sawa?

Wa Eastlando
Angalieni Tet kwanza, mwaka mpya wao. Huangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari. Treni zinajaa wiki nyingi kabla, migahawa inafungwa, kila mtu yuko kwao.

Binti wa Kirumba
Tusogeze Machi basi?

Muunguja wa Vuga
Machi Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, ni moshi, wanachoma mashamba. Ingieni Thailand katikati ya Novemba, Vietnam mfike Desemba. Novemba Hoi An maji yanaingia hadi sebuleni.

Binti wa Kirumba
Novemba. Sawa. Sasa nani anajua kumbembeleza mhasibu mkuu aruhusu likizo ya mwezi mzima wakati wa kufunga hesabu?