Naomba ushauri: taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa usalama kwenye gari) haizimi na sanrufu (kidirisha cha kwenye paa) nayo imegoma
Wakuu habari zenu, taa ya eabegi haizimi kwenye dashibodi na honi nayo imekata, fundi anasema ni ule utepe wa waya unaojikunja ndani ya usukani, sawa, ila alitaka kupima plagi za njano za eabegi kwa mita betri ikiwa bado imeunganishwa nikamzuia, ninavyojua unatoa kwanza waya wa negativu unasubiri dakika kadhaa chaji iliyobaki iishe, kitu kinalipuka usoni mwa mtu hiki jamani! Tumetoa betri, sasa sanrufu haijifungi kwa mguso mmoja, nashikilia swichi inasogea kidogo inasimama. Naisetije upya? Na kushusha silingi (dari ya ndani ya gari) ili nizibue mipira ya sanrufu ya kutolea maji, eabegi za pembeni haziwezi kuleta shida?