Tupeane uzoefu: kumtafuta babu mkulima kwenye makaratasi ya zamani, Kigoma na Tabora

MwanaKalinzi
Wakuu habari za jioni. Leo nimeenda ofisini kufuatilia kitambulisho, dada wa dirishani kaniuliza babu yako kazaliwa wapi, nikamwambia Kalinzi, akasema una uthibitisho? Sasa babu kalima kahawa na maharage mpaka kafa, uthibitisho gani zaidi ya mgongo wake. Nikarudi home nimenuna, nikafungua sanduku la bati la marehemu, humo mna blanketi, koti la kanisani, na chini kabisa kuna kopo la maziwa ya unga lina karatasi imekunjwa mara nane. Risiti ya kodi, 1954. Wino wa zambarau, muhuri umefutika nusu, ukiigusa kwenye mikunjo inakatika kama chapati kavu. Jina: Takije. Babu aliitwa Ntakije. Mzee wangu kwenye cheti cha ndoa ni Natakiye, mimi shuleni waliniandika Ndakije. Ukoo mmoja majina manne!! Waliowahi kufuatilia mababu zao kwenye madaftari huko, mlianzia wapi? Tupeane uzoefu.

Mama Doto
Pole mdogo wangu. Sisi kwa baba ni Mabula, kwa baba mkubwa Mabura, na wote wamezikwa shamba moja.

Fundi Redio
Karani mtu wa pwani, Kiha hakijui, jua kali, foleni ya watu mia wanaogopa kukamatwa kwa kodi. Hiyo N ya mwanzo ilikuwa bahati kuandikwa hahaha

Mzee wa Tumbaku
Kijana, mimi nipo Urambo, hii kazi nimeifanya miaka mitatu baada ya kustaafu kwa hiyo nisikilize. Mkulima hakuandikwa kwa sababu anapendwa. Aliandikwa pale mtu alipotaka kitu kwake. Mdachi, yaani Mjerumani, alianza kodi ya nyumba 1898, Mwingereza akaja na yake, hapo unapata risiti kama hiyo yako. Padre alitaka roho, hapo unapata daftari la ubatizo. Mabwana mkonge walitaka mikono, hapo kuna kipande, ile kadi ya siku za kazi. Sasa wewe jiulize babu yako nani alimtaka, uende huko. Mimi wangu alitakiwa na mradi wa karanga, ule wa Mwingereza ulioanza 1947 ukafika na hapa Urambo, alifyeka visiki kwa mshahara, karanga zenyewe zikagoma kama mnavyojua. Jina lake nililipata kwa mzee mmoja aliyetunza kitambulisho cha kazi cha baba yake, wakiwa gengi moja, nyuma kaandika kwa penseli waliokula naye chungu kimoja. Sio ofisini. Kwa jirani.

MjukuuWaMirambo
Sisi wengine hatuhitaji makaratasi. Ukoo wetu ni wa Mtemi Mirambo moja kwa moja, wakulima ni nyie.

Fundi Redio
Mirambo kafa 1884. Kwa idadi ya wajukuu niliokutana nao kuanzia stendi ya Tabora mpaka hapa, yule mzee hakupigana vita hata siku moja, hakuwa na muda.

MjukuuWaMirambo
Una wivu wa kijinga. Ukoo wako ungekuwa na jina ungeutaja.

Mzee wa Tumbaku
Na watu wa Mirambo walikula nini, risasi? Walilima mtama kama wengine. Turudi kwenye uzi.

Kibondo Finest
Mkuu MwanaKalinzi nyie wa milimani mna bahati, mmekaa mahali pamoja. Sisi tumehamishwa mara mbili. Miaka ya 1930 Mwingereza akakusanya watu kwa ajili ya malale, maana mbung'o walikuwa wamejaa porini, babu akaacha mashamba ya ulezi na makaburi. Halafu 1972 Operesheni Kigoma, ile ya vijiji vya ujamaa, tena funga mizigo, mzee anasimulia lori lilifika asubuhi uji upo jikoni, wakapakia vyungu, mbuzi na watoto, kufika kijijini wamewekewa mstari wa viwanja kwenye majani. Sanduku la karatasi likabaki darini. Aliporudi kulifuata wiki ya pili paa halipo. Kwa hiyo ukiona jina la kijiji kwenye karatasi ya zamani usiende na ramani ya leo, hakipo. Uliza wazee walitoka pori gani. Sisi la kwetu leo ni hifadhi, nikitaka kwenda kwenye kaburi la babu mzaa babu naomba kibali kwa askari wa wanyamapori.

Bint Ujiji
Mbona wote mnasema padre padre? Ujiji huku hatuna ubatizo. Ila kulikuwa na liwali, na watu waligombea mirathi kweli kweli. Kesi ya michikichi ya babu yetu imeandikwa mashahidi wote, mtoto wa fulani bin fulani bin fulani, vizazi vinne kwa sababu ya miti kumi na moja! Tafuteni ugomvi. Familia zenye amani hazina kumbukumbu.

Mama Doto
😂😂 hii kweli kabisa

Manamba Jr
Babu yangu alipandia treni Kigoma kwenda mkonge Tanga, kwa mkataba wa SILABU, ofisi ya mabwana mkonge ya kuajiri vibarua, miaka hiyo ya mwisho wa vita ya Hitla. Karudi na baiskeli na kikohozi. Kipande chake kina vijumba thelathini, siku moja kijumba kimoja, ukiugua kijumba hakijazwi. Nilikaa nacho mkononi nikahesabu vilivyo wazi. Vitano.

Nyamizi_T
Nimesoma uzi huu nipo kwenye basi nikashuka kituo kisicho changu. Naomba niandike hili nimalize maana limenikaa tangu 2016.

Kwetu ni wakulima wa vijijini Tabora, mpunga na karanga, baadaye tumbaku. Tangu utoto tunaambiwa bibi mzaa bibi, tumwite Monika, alitoka ukoo wa watawala wa Unyanyembe, ndiyo maana shamba la bondeni ni letu. Mama akataka cheti cha ubatizo cha huyo bibi, sababu wajomba walishaanza maneno ya shamba na yeye alitaka ushahidi wa huo ukoo. Nikaenda parokia moja ya siku nyingi sana. Padre mzee akanitolea daftari, kubwa kama meza ya kahawa, kona moja imeliwa na mchwa, na akaniambia usilowanishe kidole ulimi unapofunua. Kila mstari una namba, tarehe, jina, baba, mama, umri wa kukadiria, msimamizi, halafu pembeni nafasi ya ndoa na kifo. Kilatini chote. Akanifundisha na hesabu: enzi zile, kwa kanuni ya Kardinali Lavigerie aliyeanzisha shirika la White Fathers, mtu alikaa mafundisho miaka minne kabla ya kubatizwa, labda awe anakufa, kwa hiyo ukiona tarehe ya ubatizo rudi nyuma minne ndiyo alipofika misheni.

Tukampata. Monika, 1899, miaka kama kumi na mbili. Mahali pa baba: hajulikani. Mahali pa mama: hajulikani. Asili: Manyema, yaani Kongo ya mashariki. Halafu neno moja dogo limebanwa mwishoni, padre akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Akasema hili maana yake amekombolewa. Nikauliza amekombolewa na nini? Akasema amenunuliwa, alikuwa mtumwa kwenye misafara. Nikauliza kanunuliwa na nani. Akanyamaza kidogo akasema, na sisi.

Nimerudi nyumbani nimemwambia mama jikoni, alikuwa anachambua mchele, hakuacha kuchambua. Baadaye sana ndiyo akasema, siku za matambiko wakati watu wanaita mizimu ya ukoo jina kwa jina, bibi alikuwa anaenda kukaa nyuma ya nyumba anapepeta. Sisi tulidhani ni kwa sababu ya dini. Kumbe hakuwa na jina la kuita.

Kosa langu nikamwambia mjomba. Msibani, mbele ya watu. Akasimama akasema huyo si bibi yetu, umesoma mstari wa mtu mwingine, na kama ni kweli basi nyie upande wa kwake mtoke shambani kwa sababu mtu wa kununuliwa haleti ardhi. Tangu siku hiyo hatuongei. Kesi ilianzia baraza la kata na mpaka leo haijaisha.

Fundi Redio
Daah.

Mama Doto
Kukaa nyuma anapepeta… mwanangu umeniliza niko dukani.

Kapuku Sikonge
Dada samahani lakini haya mambo si ya kuandika humu. Wazee walifunika kwa sababu. Unachimba kaburi halafu unashangaa harufu.

Bint Ujiji
Harufu ya nani kaka? Aliyeuzwa ana aibu gani, aibu ni ya muuzaji na mnunuzi. Ukikwaruza Ujiji na Tabora mjini kila nyumba ya tatu utamkuta Mmanyema, wengine tulikuja na shanga wengine na minyororo. Bibi yangu alikuwa na hati ya uhuru ya Mdachi, ameitunza kwenye msahafu mpaka kafa. Hakuficha.

Kapuku Sikonge
Huko kwenu mjini. Kijijini mtu akijua hilo watoto wako hawaolewi.

Nyamizi_T
Kaka yangu Kapuku, wangu wameolewa wote wawili na mashemeji wanajua. Asante kwa huruma.

MjukuuWaMirambo
Dada pole sana. Na hao misafara wengine walikuwa watu wetu pia, babu alikuwa anasema.

Fundi Redio
Leo umeongea.

MwanaKalinzi
Dada Nyamizi pole, nimesoma mara mbili. Ila jamani na mimi na risiti yangu je?? Jumatatu natakiwa dirishani.

Kibondo Finest
Hahaha mleta uzi kasahauliwa kwenye uzi wake

Msomi wa Upanga
Njoo Dar, Nyaraka za Taifa pale Upanga, kuna mafaili ya Mdachi na Mwingereza, vitabu vya wilaya vya Kigoma na Kasulu, kila kitu.

Mzee wa Tumbaku
Usimdanganye kijana apoteze nauli ya treni. Mimi nimekaa pale siku nne. Kitabu cha wilaya kimeandika machifu, mvua, bei ya ufuta na nani kaua tembo. Mkulima wa kawaida humo ni tarakimu tu. Na faili la Mdachi ni mwandiko wa zamani hata Mjerumani wa leo anakuna kichwa. Ukiwa na ukoo wa kitemi nenda. Huna, kaa kijijini.

Msomi wa Upanga
Mzee kwa heshima zote, faili la kesi za ardhi ulifungua? Mie nimempata babu mdogo humo, kashtakiwa kwa kuchoma pori.

Mzee wa Tumbaku
Haya hilo sikufungua.

Mama Doto
Mdogo wangu kwa Jumatatu dawa ni hati ya kiapo mahakamani, kwamba Takije, Ntakije, Natakiye na Ndakije ni ukoo mmoja. Sisi ndivyo tulivyofanya na Mabula. Na umtafute mzee wa kumtaja babu alizaliwa lini, usimuulize mwaka, muulize alizaliwa kabla au baada ya nini. Baba yangu walisema ametambaa Wabelgiji walipoingia Tabora, basi hiyo ni Septemba 1916, toa miezi, umeshapata.

Fundi Redio
Au badilisha babu, chukua wa Mirambo, wapo wengi wa kugawa.

Manamba Jr
Kiapo usikiamini sana, mimi walikikataa. Risiti ndiyo iliwalainisha. Usiipige laminesheni lakini! Niliharibu ya kwangu, wino wote ulihamia kwenye plastiki.

Mama Doto
Mimi ya kwangu nimelaminisha na ipo salama.

Manamba Jr
Bahati yako.

Kapuku Sikonge
Dada Nyamizi kama bado upo, upande wa mke wangu Wamoraviani wa hapa Sikonge wana daftari lao, kama kuna ndoa ya mtoto wa Monika aliyehamia huku naweza kwenda kuangalia Jumapili. Nitumie jina PM.

Nyamizi_T
Nimetuma kaka.

MwanaKalinzi
Asanteni wote. Nimeamua. Risiti nimeiweka katikati ya daftari la mwanangu isikunjike mara ya tisa, kiapo nitakula kesho, na naenda na bibi mwenyewe, ana miaka themanini na kitu, anakumbuka siku babu alipolipa hiyo kodi maana waliuza mbuzi wake yeye, sio wa babu, na bado ana hasira. Tatizo moja tu limebaki, amekataa kupanda bodaboda.

Fundi Redio
Mwambie tunaenda kudai mbuzi.